Utafiti Wenyewe Ulifanywa kwa Nani?

 

Kila siku simu zetu hutuletea maneno yanayoanza kwa namna moja: utafiti umeonesha. Utafiti umeonesha kitunguu thomu kinashusha presha. Utafiti umeonesha chanjo fulani inaharibu uzazi. Aliyetuma hasemi utafiti huo ulifanywa wapi, walipimwa watu gani, wala mwisho wao ulikuwaje. Sisi nasi tunausoma ujumbe, tunaingiwa na hofu au matumaini, kisha tunampelekea shangazi, naye anawapelekea wenzake wa kikoba. Jioni moja inatosha kwa mgonjwa wa kisukari kuacha dawa zake, au mama kumficha binti yake siku ya chanjo skuli.

Jambo hili linaniuma kwa sababu visiwa hivi si vigeni katika utafiti wa tiba. Damu iliyotolewa kwenye vidole vya watoto wetu, mkojo uliokusanywa maskulini, vitovu vya watoto wachanga, uchungu wa mama zetu pale Mnazi Mmoja, vyote hivyo vimesaidia kujibu maswali ambayo madaktari wa dunia nzima walikuwa wanajiuliza. Majibu yamechapishwa katika majarida makubwa ya tiba, na mengine yamebadilisha ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Lakini ukimuuliza mtu wa Chumbuni au wa Makunduchi ni kitu gani kiligunduliwa kwake, mara nyingi atakwambia: walikuja, wakapima, wakaondoka.

Kwa hiyo leo nakuletea maswali matatu ya kuyaweka mdomoni kila unaposikia maneno hayo, utafiti umeonesha. La kwanza: dawa hiyo ililinganishwa na nini? La pili: ilijaribiwa kwa nani, na wapi? La tatu: matokeo yamerudi kwa nani, na yamebadilisha nini? Nitayaeleza kwa mifano ya kwetu, kwa sababu mifano ipo, na ni mizuri kuliko ya kuazima.

Tuanze na kulinganisha. Mkulima akitaka kujua mbegu ipi ya muhogo ni bora, hapandi moja kwenye udongo mwekundu wenye rutuba na nyengine kwenye maweni ya Makunduchi, halafu akasema ya kwanza imeshinda. Atazipanda kwenye ardhi moja, mvua moja, msimu mmoja. Wataalamu wa tiba hufanya vivyo hivyo kwa watu. Wanaokubali kushiriki hugawanywa kwa kura, si kwa kuchaguliwa, ili kundi moja lisiwe na vijana wenye nguvu na jengine likabakiwa na wazee na wagonjwa. Kundi moja hupata dawa mpya. La pili hupata dawa ya zamani, au kidonge kinachofanana nayo lakini hakina dawa ndani. Kisha wote hufuatiliwa sawasawa. Bila ya hilo, mtu aliyekunywa kitu akapona hajui kama kilichomponya ni alichokunywa au ni siku zilizopita.

Mfano wa kwanza ni wa kusini mwa Unguja. Wazee wa Makunduchi wanayakumbuka matende na mabusha. Minyoo midogo sana inayoleta maradhi hayo hubebwa na mbu, na mbu wake mkubwa hapa kwetu ni yule anayezaliana kwenye maji machafu, hasa vyoo vya shimo vyenye maji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa kigeni, wakishirikiana na wenzao wa Wizara ya Afya, walifanya jambo ambalo anayelisikia mara ya kwanza hatoliamini. Walimwaga ndani ya vyoo vile chembe nyeupe nyepesi za plastiki, zile zile zinazojaa kwenye maboksi ya vyombo vya umeme ili visivunjike. Chembe hizo huelea, zikafunika uso wa maji, na viluwiluwi wa mbu wakikosa pumzi hufa. Hazihitaji umeme wala sumu, na hukaa miaka. Pamoja na hayo, watu walipewa dawa ya kuua minyoo iliyomo mwilini.

Mbu wakapungua sana, na minyoo kwenye damu za watu ikapungua sana. Lakini swali letu la kwanza lingali linasubiri: ni chembe zilizofanya kazi, au ni dawa peke yake? Jibu lilipatikana kwa sababu palikuwa na pa kulinganisha. Sehemu nyengine ya Unguja, Moga, ilipewa dawa bila ya chembe. Huko nako minyoo ilishuka mwanzoni, lakini mbu walibaki, na miaka michache baadaye minyoo ilianza kupanda tena. Makunduchi ilibaki chini. Hapo ndipo mtu anapoweza kusimama mbele ya waziri na kusema: ukitoa dawa ukawaacha mbu, utarudi tena na dawa. Lau isingekuwa Moga, tungekuwa na khabari nzuri ya Makunduchi, na pasingekuwa na somo.

Sasa nikupeleke Pemba, kwa sababu huko ndiko lilikotokea jambo ambalo kila mama na kila mfanyakazi wa afya wa visiwa hivi anastahili kulijua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wetu wengi walikuwa na upungufu wa damu. Dawa ya upungufu wa damu inajulikana, ni madini ya chuma. Ushauri wa kimataifa wakati huo ulikuwa wazi: kwenye nchi ambazo upungufu wa damu umeenea, wapeni watoto wadogo wote chuma pamoja na asidi ya foliki. Nani angepinga? Hata bibi asiyesoma angesema mtoto aongezewe damu.

Watafiti wa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Pemba, pamoja na wenzao wa nje, waliona swali moja halijajibiwa: katika nchi yenye malaria, watoto waliopewa chuma wanaishi zaidi kuliko wasiopewa? Maelfu kwa maelfu ya watoto, tangu wa mwezi mmoja hadi karibu miaka mitatu, wakaingizwa kwa kura katika makundi. Zaidi ya 24,000 walihesabiwa katika sehemu hiyo ya utafiti. Pembeni palikuwa na kamati ya usalama ambayo kazi yake ni kufungua hesabu mapema na kutazama kama kuna wanaodhurika.

Agosti 2003 sehemu ya chuma ikasimamishwa kabla ya wakati wake. Watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa wamezidi kwa 12% kufariki au kupata maradhi makali ya kulazwa hospitali, ukilinganisha na wale ambao hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na ushauri wa dunia ukabadilika: katika maeneo yenye malaria, usimgawie kila mtoto mdogo chuma bila ya kumkinga na kumtibu malaria.

Fikiri, msikilizaji, uzito wa jambo hili. Waliotoa ushauri ule wa mwanzo walikuwa watu wema, na dawa yenyewe ilikuwa ya kweli. Mtoto mmoja mmoja akipewa, mama angesema amechangamka. Hakuna daktari wa zahanati, hata awe hodari vipi, ambaye angeiona ile 12% kwa macho yake, kwa sababu mtoto anayefariki kwa malaria hafi na maandishi usoni kwamba chuma kimechangia. Kulinganisha kundi kwa kundi ndiko kulikoonesha. Na waliouambia ulimwengu ni watoto wa Pemba na wazazi wao waliokubali.

Lakini nisikuache ukatupe vidonge vya mtoto wako, wala vile anavyopewa mama mjamzito kliniki, hilo ni jambo jengine kabisa. Ndani ya utafiti ule ule, kundi dogo la watoto walipimwa damu kwanza na kufuatiliwa kwa karibu. Wale waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma na damu walinufaika. Somo la Pemba ni pima kwanza, kinga malaria, kisha mpe anayehitaji.

Jambo la namna hiyo likatokea tena bara na kwa majirani zetu. Mtoto anapoletwa hospitali na homa kali, mikono baridi, damu haizunguki vizuri, madaktari katika nchi tajiri walizoea kumwagia maji mengi ya mishipa kwa haraka. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi, uliwagawa kwa kura watoto zaidi ya 3,000. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Waliomwagiwa maji kwa haraka walifariki zaidi: ndani ya saa 48, kama 10.5% yao walikuwa wamekufa, wakati wale waliopewa maji taratibu ni 7.3%. Katika kila watoto 100 waliotibiwa kwa desturi ya zamani, watatu zaidi walipotea. Utafiti huo nao ulisimamishwa mapema. Afrika Mashariki ndiyo iliyouliza swali ambalo vitabu vilidhani vimeshalijibu.

Hapa tunaingia kwenye swali la pili: kwa nani, na wapi? Wakati chuma kinajaribiwa Pemba, utafiti kama huo ulikuwa unaendelea Nepal, kusini mwa nchi ile, mahali ambapo malaria si tatizo kubwa. Huko chuma hakikuongeza vifo wala hakikuvipunguza. Dawa ni moja, umri ni mmoja, jibu ni mbali mbali, kwa sababu ardhi na maradhi yake si yale yale.

Nepal hiyo hiyo inatupa mfano mwengine. Kitovu cha mtoto mchanga ni mlango wa vijidudu. Huko Nepal na Bangladesh ilionekana kwamba kukisafisha kwa dawa iitwayo klorheksidini kunapunguza vifo vya watoto wachanga. Nchi nyingi zikapokea khabari hizo kwa furaha. Pemba wakaamua kupima. Watoto wachanga karibu 37,000 walishiriki, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016: tofauti ya vifo kati ya waliosafishwa kwa dawa na walioachwa na kitovu kikavu na safi ilikuwa ndogo, kiasi ambacho bahati tu ingeweza kuileta. Hakuna aliyesema uongo, si Nepal wala si Pemba. Ila kinachookoa maisha katika kijiji cha Nepal kinaweza kisifanye kazi hiyo hiyo kisiwani kwetu.

Na wala usidhani lazima uvuke bahari ili uone tofauti hiyo. Ipo baina ya mjini na shamba. Mwaka 2009 na 2010 palifanywa Unguja utafiti wa simu za mkononi kwa wajawazito, ukijulikana kwa jina la Wired Mothers. Vituo vya afya 24 viligawanywa kwa kura, na wanawake 2,550 wakafuatiliwa. Wa upande mmoja walipokea ujumbe mfupi wa kuwakumbusha kliniki na dalili za hatari, na wakapewa salio la kumpigia mkunga. Wa upande wa pili walipata huduma ya kawaida. Wa upande wa kwanza, 60% walijifungua mbele ya mkunga au daktari. Upande wa pili ilikuwa 47%. Waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi walikuwa 44% dhidi ya 31%. Na vifo vya watoto tumboni mwishoni mwa ujauzito na siku za mwanzo za maisha vilikuwa 19 kwa kila uzazi 1,000, wakati upande wa pili vilikuwa 36.

Khabari njema, si ndiyo? Sasa uliza kwa nani. Kuhusu kujifungua mbele ya mkunga, faida ilionekana wazi kwa wanawake wa mjini. Kwa wa shamba haikuthibitika. Mimi sishangai. Ujumbe wa simu unamkumbusha mama tarehe yake, lakini hauleti gari usiku wa manane Uroa, haufupishi njia ya Kijini, na haumlipii mwenye gari. Kwa hiyo anayesimama kwenye mkutano akasema simu zimeokoa wazazi Zanzibar, amesema nusu ya maneno. Nusu ya pili ni kwamba mama wa shamba bado anahitaji kitu kingine, na utafiti umetuonesha pengo lilipo. Pengo hilo ni la kulifanyia kazi, tusilifunike kwa wastani mzuri.

Swali la tatu ndilo linalonikaa moyoni zaidi. Matokeo yamerudi kwa nani?

Twende pale pale mjini, Hospitali ya Mnazi Mmoja, inayotazama bahari pembeni mwa Mji Mkongwe, na ambako kwa miaka mingi uzazi mgumu kutoka kisiwa kizima umekuwa ukipelekwa. Kuanzia mwaka 2014 watafiti wa Denmark na madaktari na wakunga wa hospitali hiyo walifanya kazi waliyoiita PartoMa. Waliona kwamba miongozo ya kimataifa ya kumsimamia mwanamke mwenye uchungu imeandikwa kwa wodi yenye mkunga mmoja kwa mzazi mmoja, wakati hapa mkunga mmoja ana wazazi kadhaa kwa pamoja na kila mmoja anamwita. Mwongozo usiotekelezeka humfanya mkunga hodari aonekane mvivu. Basi walikaa na wakunga wenyewe wakauliza: katika hali hii tuliyonayo, lipi la lazima, na lini? Wakatengeneza kijitabu chembamba cha kutia mfukoni, wakaandaa na mafunzo mafupi yaliyorudiwa kila baada ya miezi michache.

Hapakuletwa mashine mpya, na wafanyakazi hawakuongezwa. Watoto waliozaliwa wafu hospitalini hapo walishuka kutoka 59 kwa kila uzazi 1,000 hadi 39. Niwe mkweli, kwa kufuata kanuni niliyokupa mwenyewe: hapa palilinganishwa kabla na baada, si makundi mawili kwa kura, na kwa hiyo ushahidi wake ni wa daraja la chini kidogo kuliko ule wa chuma. Lakini naupenda utafiti huu kwa sababu moja. Waliopimwa ndio walioandika dawa. Matokeo hayakusafiri kwenda nje kabla ya kufika wodini. Yalizaliwa wodini na yakabaki mfukoni mwa mkunga.

Bara pia wametupa mfano mkubwa katika mlango huo huo wa uzazi. Mama anapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, hatari ya kwanza ni kukisia. Damu iliyoingia kwenye kanga na godoro huonekana kidogo kuliko ilivyo. Utafiti wa hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliohusisha wanawake zaidi ya 210,000 na kutangazwa mwaka 2023, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za kipimo unaotandikwa chini ya mama, ili damu ionekane ni kiasi gani, na matibabu yote yaanze kwa mara moja badala ya moja baada ya jengine. Waliofikwa na balaa la damu nyingi kupita kiasi, upasuaji wa kunusuru roho au kifo walikuwa 1.6%, wakati kwa huduma ya kawaida walikuwa 4.3%. Mfuko wa plastiki wenye mistari, msikilizaji. Mtu yeyote mwenye dada anayekaribia kujifungua ana haki ya kuuliza kama wodi anayokwenda inao.

Tuje kwenye kipindupindu, maradhi ambayo mji huu una historia nayo ndefu. Mwaka 1869 na 1870 kiliuteketeza mji wa Unguja, na daktari James Christie, aliyekuwa akiishi hapa, alifuatilia njia yake kutoka bara kwa misafara hadi pwani na visiwani, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Karne moja na zaidi baadaye, mwaka 2009, Chumbuni hapa Unguja na shehia kadhaa za Pemba zilipewa chanjo ya kunywa ya kipindupindu. Mlipuko ulipotokea, ikahesabiwa nani kaugua na nani kasalimika. Waliokunywa dozi zote mbili walikingwa kwa 79%. Na zaidi ya hapo, hata watu ambao hawakunywa chanjo walisalimika zaidi pale ambapo jirani zao wengi walikuwa wamekunywa. Ukinywa wewe, unamkinga na mtoto wa nyumba ya pili. Ushahidi huo kutoka kwetu ni miongoni mwa yaliyoipa nguvu fikra ya kutumia chanjo hiyo kwa umma katika Afrika. Watu wa Chumbuni wana haki ya kuona fahari kwa hilo, na wana haki vile vile ya maji safi na mitaro, kwa sababu chanjo haijengi mtaro.

Kichocho nacho kina somo lake, na ni somo la unyenyekevu. Kuanzia miaka ya 2011 na 2012 shehia 90, nusu Unguja na nusu Pemba, ziliingia katika utafiti wa miaka mitano. Zote zilipewa dawa ya kichocho mara kwa mara, skuli na majumbani. Theluthi moja ziliongezewa kuua konokono kwenye mito na mabwawa. Theluthi nyengine zikaongezewa elimu: walimu walifundishwa, vyoo vya kukojolea na sehemu za kufulia zikajengwa, watoto wakapewa michezo ya kucheza mbali na maji. Kichocho kilishuka kote, na Unguja kikafika chini sana. Lakini shehia zilizoongezewa kuua konokono au elimu hazikuonesha tofauti ya wazi na zile za dawa peke yake. Watafiti wangeweza kulificha hilo. Wakalichapisha mwaka 2019 kama lilivyo. Hiyo ndiyo amana ya utafiti: kusema pia kile ambacho hukukitarajia.

Na malaria? Zanzibar ilianza mwaka 2003 kutoa bure dawa mseto kwenye vituo vya serikali, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Wilaya ya Kaskazini A ikafuatiliwa. Kati ya 2002 na 2005, vifo vya watoto chini ya miaka mitano huko vilipungua kwa 52%. Vyandarua vyenye dawa vilipogawiwa kwa wingi mwaka 2006, vimelea kwa watoto vikawa adimu. Hapa matokeo yalirudi kwa watu kwa sura ya dawa bure zahanati na chandarua kitandani. Lakini wazee watakumbuka kwamba malaria ilishawahi kupigwa sana katika miaka ya 1960, kampeni ikasimama, nayo ikarudi. Utafiti haumalizi kazi. Unatuambia kazi ipi tusiiache.

Mabinti zetu nao wamo katika khabari za karibuni. Saratani ya mlango wa kizazi huanza na virusi, na chanjo yake ilikuwa ya dozi mbili au tatu. Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walichanjwa kwa kura, dozi moja, mbili au tatu. Baada ya miaka miwili karibu wote, hata wa dozi moja, walikuwa na kinga kwenye damu. Kenya nayo, kwa wanawake vijana 2,275, ikaonesha kwamba dozi moja inazuia virusi vinavyoongoza kuleta saratani hiyo kwa zaidi ya 97% katika mwaka mmoja na nusu wa mwanzo. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania ikaanza kuitumia. Kwa hiyo atakayekutumia ujumbe kwamba chanjo hii imeletwa kujaribiwa kwa watoto wetu, mjibu: imeshajaribiwa, Mwanza na Kenya, kwa ridhaa ya wazazi, na haya ndiyo majibu.

Msikilizaji, baada ya yote hayo nina maombi mawili.

La kwanza ni kwa watafiti na wenye mamlaka. Hivi sasa tunayo Taasisi ya Utafiti wa Afya ya Zanzibar, ZAHRI, na ipo kamati ya maadili ya kupitia kila utafiti kabla haujaanza. Naomba matokeo yawe sehemu ya ruhusa. Anayeomba kupima watu wa shehia aseme tangu mwanzo ni lini atarudi, ataongea nao kwa Kiswahili gani cha kueleweka, na ataketi na sheha na wazazi wapi. Redio zipo. Baraza zipo. Misikiti na skuli zipo. Mwananchi aliyetoa damu asijue majibu baada ya msomaji wa London.

La pili ni kwako. Mtafiti akibisha hodi, mkaribishe, lakini muulize: unalinganisha nini na nini? Nikiumia nani atanitibu? Naweza kujitoa wakati wowote? Majibu utanirudishia lini? Ana wajibu wa kukujibu kabla hujatia saini, na una haki ya kukataa bila ya kunyimwa huduma yako ya kawaida. Na ukipata kwenye simu ujumbe wa utafiti umeonesha, usiupeleke mbele mpaka umejua ulifanywa kwa nani, wapi, na ulilinganishwa na nini. Ikiwa aliyetuma hajui, ukomeshe hapo hapo. Tukifanya hivyo nyumba kwa nyumba, tutakuwa tumeilinda elimu ambayo watoto wa Pemba na mama wa Unguja waliigharamia kwa miili yao.